Kwa nini foto zetu zinaharibika kila zinapohifadhiwa upya: historia fupi ya JPEG

Katika makundi ya WhatsApp ya Goma, Bukavu, Beni na Bunia haipiti wiki bila foto ya mtoto aliyepotea au ya mzee ambaye jamaa zake wanamtafuta. Mara nyingi, foto ikifika kwetu imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Uso umekuwa viraka vya rangi, macho hayaonekani vizuri, na hata mama mzazi angesitasita kusema kama huyu ni wake. Ni vilevile kwa makaratasi. Familia nyingi zilikimbia zikaacha sanduku nyumbani, na kadi ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa au karatasi ya kiwanja vimebaki tu kama foto ndani ya telefone. Foto hiyo ikiharibika, ushahidi nao umekwenda.

Wengi wanalaumu telefone ya bei ndogo au rezo mbaya. Rezo ina sehemu yake, lakini sababu kubwa iko ndani ya foto yenyewe, katika namna inavyofungwa kusudi iwe nyepesi. Namna hiyo inaitwa JPEG, na ina historia ambayo inafaa kila mwenye telefone aijue.

Foto za kwanza za hesabu

Mwaka wa 1957, huko Marekani, mtaalamu Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mashine ya kusoma picha ya karatasi na kuiingiza ndani ya kompyuta. Picha waliyochagua ilikuwa ya mtoto wa Kirsch, Walden, aliyekuwa na miezi 3 tu. Kompyuta iligawanya picha katika mistari 176 ya nukta 176, ni kusema karibu nukta 31,000. Nukta hizo ndizo tunaita leo pikseli. Ilikuwa picha ndogo sana, lakini sura ya mtoto ilitambulika.

Mwaka wa 1975, Steven Sasson, injinia kijana wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa nzito, ilipiga foto ya nukta 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuandika foto moja juu ya kasete, kasete kama zile tulizotumia kwa muziki. Kila mtu aliyeiona angeweza kuelewa shida itakayokuja: nukta zikiongezeka, uzito utaongezeka pia.

Tuchukue hesabu ya leo. Telefone ya kawaida inapiga foto ya nukta milioni 12. Kila nukta inahitaji namba tatu kwa ajili ya rangi. Hiyo ni namba milioni 36, karibu mega 36 kwa foto moja. Mwenye kununua mega kwa pesa ya mboga anaelewa mara moja: bila njia ya kupunguza uzito huo, kutuma foto tatu kungemaliza forfe ya siku nzima.

Wazo lililokataliwa

Njia ya kupunguza ilitoka kwa Nasir Ahmed, mwalimu wa chuo kikuu aliyezaliwa Bangalore, inchi ya India, na kufundisha Kansas, Marekani. Mwaka wa 1972 aliomba msaada wa pesa kwa shirika la serikali ya Marekani linalosaidia utafiti, kusudi achunguze hesabu mpya ya kubana picha. Ombi likakataliwa. Ahmed mwenyewe alieleza baadaye kwamba kati ya sababu alizopewa, moja ilikuwa kwamba wazo lake lilionekana jepesi mno. Hakuliacha. Alifanya kazi pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na Januari 1974 walitangaza matokeo yao katika gazeti la wataalamu wa kompyuta.

Hesabu yenyewe tunaweza kuielewa kwa mfano wa kwaya. Ukisikiliza kwaya ikiimba, unasikia sauti moja kubwa, lakini ndani yake kuna besi, kuna tena, kuna alto na soprano. Mtaalamu anaweza kuzitenganisha na kusema kila sauti ina nguvu kiasi gani. Hesabu ya Ahmed inafanya hivyo kwa picha. Mabadiliko ya polepole, kama anga au ukuta, ni besi. Mabadiliko ya haraka, kama nywele, nyuzi za kitenge au herufi ndogo za muhuri, ni sauti za juu kabisa. Jicho la mtu linaona besi vizuri sana. Sauti za juu zinazoimba polepole halizioni sana. Basi unaweza kuzipunguza, na watu wengi hawatajua kama kuna kitu kilitoka.

Kikundi cha mwaka wa 1986

Miaka kumi na zaidi ilipita. Mwaka wa 1986 wataalamu kutoka inchi mbalimbali waliunda kikundi kimoja kusudi wakubaliane juu ya namna moja ya kubana foto. Jina la kikundi hicho kwa Kiingereza lilifupishwa kuwa JPEG, na ndilo tunaloliona hadi leo mwishoni mwa majina ya foto zetu: jpg au jpeg.

Shida yao ilikuwa karibu sana na yetu: njia nyembamba. Laini mpya za telefone za wakati ule zilipitisha biti 64,000 kwa sekunde. Foto moja ya ukubwa wa ekra ya televisheni ingechukua zaidi ya dakika moja na nusu kupita. Mapendekezo 12 yaliletwa. Mwaka wa 1987 watu walipewa picha waziangalie na kuzipima bila kuambiwa ipi ilitengenezwa kwa njia gani, na mapendekezo yakabaki 3. Mwanzoni mwa 1988 njia iliyojengwa juu ya hesabu ya Ahmed ikashinda. Mwaka wa 1992 kanuni yenyewe ikatangazwa rasmi.

Kuna jambo jingine lililoifanya ienee. Mwaka wa 1991, hata kabla kanuni haijatangazwa, kikundi cha watu waliojitolea, akiwemo Tom Lane, kilitoa bure programu ya kufungua na kufunga foto za JPEG. Kila mtu aliweza kuichukua na kuitia katika kazi yake. Kampuni moja ya Marekani ilijitokeza mwaka wa 2002 ikidai kwamba sehemu ya ujuzi huo ni mali yake, ikakusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa makampuni mengine, mpaka mwaka wa 2006 ilipoacha madai hayo. Lakini wakati huo JPEG ilikuwa imekwisha kuingia kila mahali.

Kitu gani kinapotea

JPEG inaanza kwa kutenganisha mwangaza na rangi. Jicho letu linashika mwangaza vizuri kuliko rangi, kwa hiyo mara nyingi rangi zinapunguzwa kwanza. Kisha picha inakatwa katika vipande vidogo vya nukta 8 kwa 8, ni kusema nukta 64 kila kipande. Kila kipande kinapitishwa katika hesabu ya Ahmed, kinageuka kuwa namba 64 zinazosema nguvu ya kila sauti ya kwaya yetu.

Hapo ndipo upotevu unatokea. Kila namba inagawanywa kwa namba nyingine iliyochaguliwa, na jibu linazungushwa, kama muuza duka asiye na chenji anavyozungusha franka. Tuchukue namba 23, na kigawanyo 10. Jibu ni 2 na kitu kidogo. Kile kidogo kinatupwa, inabaki 2. Siku ya kufungua foto, 2 inazidishwa kwa 10, inakuwa 20. Ile 3 iliyotoka haitarudi tena. Hakuna programu wala fundi anayeweza kujua kama mwanzoni ilikuwa 23, 19 au 22.

Sasa mtu mwingine anachukua foto ileile, anaandika juu yake «mtoto anatafutwa», anaihifadhi kwa programu yenye kigawanyo 16. Ishirini ikigawanywa kwa 16 inapata 1 na kitu; inabaki 1, na ikifunguliwa ni 16. Wa tatu anaipunguza na kuihifadhi kwa kigawanyo 12: 16 inakuwa 12. Tulianza na 23, tumefika 12, na hakuna hata mmoja kati ya watu hao watatu aliyetaka kuharibu kitu. Na hiyo ni namba moja tu. Foto ina mamilioni.

Mfano huo unajibu pia maswali mawili tunayopokea mara kwa mara. La kwanza: je, kufungua foto na kuiangalia kunaiharibu? Hapana. Kuangalia hakubadilishi kitu, na kunakili faili, ile wengi wetu tunaita fishie, kutoka telefone mpaka karte memwari pia hakubadilishi kitu. Nakala ni sawa kabisa na ya kwanza. La pili: kwa nini wengine wanasema walihifadhi foto mara kumi na haikubadilika? Sababu walitumia programu moja, kiwango kimoja, bila kukata wala kupunguza. Ishirini ikigawanywa tena kwa 10 inabaki 20. Uharibifu unakuja hasa vigawanyo vinapobadilika, au foto inapokatwa ukingo na kupunguzwa ukubwa, sababu hapo vile vipande vya 8 kwa 8 havikai tena mahali pa zamani, na hesabu yote inaanza upya juu ya makosa ya kwanza. Ndiyo maana foto mbaya inaonyesha miraba midogo: ni mipaka ya vile vipande.

Negatifu ya zamani

Wazee wetu walijua jambo hili kwa njia nyingine. Kasete ya rumba iliyorekodiwa kutoka kasete nyingine, nayo kutoka nyingine, mwishowe ilitoa mvumo kuliko gitaa. Katika studio za foto, mpiga picha alitunza negatifu. Foto ya karatasi ikipotea au ikilowa mvua, ulirudi kwake akachapa nyingine kutoka negatifu ileile, na ya mwisho haikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Jean Depara, aliyepiga foto za usiku wa Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960, alifariki mwaka wa 1997, lakini leo watu wanaweza kuangalia kazi yake vizuri sababu negatifu zilitunzwa.

Goma nayo ina historia yake. Baada ya mwaka wa 1994, wakimbizi wengi sana walipovuka mpaka kutoka Rwanda, maelfu ya watoto walitengana na wazazi wao. Mashirika, kati yao CICR na UNICEF, yalipiga watoto foto mmoja mmoja, na foto hizo zikabandikwa juu ya mbao ili wazazi wapite na kuangalia. Kazi ile yote ilitegemea jambo moja: sura ionekane. Foto zilichapwa kutoka filamu, kwa hiyo kila ubao ulipata sura safi.

Katika telefone, negatifu ni faili ya kwanza, ile iliyotoka moja kwa moja katika kamera. Tofauti ni kwamba zamani negatifu ilikaa kwa fundi, na leo iko kwa kila mmoja wetu, na tunaifuta ili tupate nafasi.

Foto inaingia katika telefone

Mwaka wa 1995 Wajapani walileta kanuni ya Exif. Ndani ya faili ya foto kukawekwa maandishi ambayo hayaonekani kwa macho: tarehe, saa, aina ya kamera, na baadaye hata mahali foto ilipopigwa. Tarehe 11 Juni 1997, huko California, Philippe Kahn aliunganisha kamera na telefone yake na kutuma kwa jamaa na marafiki foto ya binti yake aliyekuwa amezaliwa siku ile. Tangu hapo kamera na telefone hazikuachana tena.

WhatsApp ilianza mwaka wa 2009. Ili foto ipite hata mahali rezo ni dhaifu, inapunguza ukubwa wake, inaibana upya kwa JPEG, na inatoa yale maandishi ya Exif. Foto ya mega 3 au 4 inaweza kutoka ikiwa chini ya nusu mega. Mwaka wa 2023 iliongezwa alama ya HD inayopunguza kidogo kuliko zamani, lakini hata hiyo inabana. Kinachoua foto zaidi ni ile safari tunayoijua: mtu anapiga kapture ya ekra, anaiweka katika status, mwingine anapiga kapture ya status, anaipeleka Facebook, wa tatu anaichukua huko na kuirudisha WhatsApp. Kila mlango una kigawanyo chake.

Kutolewa kwa Exif kuna pande mbili. Kwa mwandishi wa habari ni hasara, sababu hatuwezi kujua kama foto ya nyumba iliyochomwa ni ya wiki hii au ya miaka mitano iliyopita, ya Masisi au ya inchi nyingine. Kwa familia iliyojificha, inaweza kuwa kinga, sababu foto yenye mahali inaweza kuonyesha wanakolala. Tukumbuke hilo, sababu njia ya kutuma foto bila kuiharibu, ni kusema kuituma kama dokumenti, inapeleka pia maandishi hayo yote. Ukiwa mahali ambapo hutaki kujulikana, zima kwanza GPS ya kamera kabla ya kupiga.

Faili isiyofunguka

Shida nyingine ni tofauti na kuchakaa. Ni foto inayokataa kufunguka, au inayoonyesha kichwa na mabega kisha chini ni kijivu kitupu. Faili ya JPEG ina alama ya mwanzo na alama ya mwisho, na katikati namba zinasomwa kwa mfuatano, kila moja ikitegemea iliyotangulia. Moto wa telefone ukikatika foto inapoandikwa, karte memwari ikichomolewa kabla ya wakati, au rezo ikikatika mtu anapopakua, mwisho haufiki. Kilichokwisha kuandikwa kinaweza kuonekana, kilichobaki hakipo.

Karte ikisema foto zimepotea, usipige foto nyingine juu yake. Mara nyingi namba bado ziko, ni orodha tu iliyoharibika, na fundi mwenye programu nzuri anaweza kuzirudisha. Ukiandika vitu vipya juu yake, unazifuta kwa mkono wako. Kwanza nakili unachokiona, kisha ndipo utafute fundi.

Makaratasi yanahitaji uangalifu zaidi

JPEG ilitengenezwa kwa sura na mandhari, si kwa maandishi. Pembeni mwa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe inaacha vumbi kama nzi waliozunguka, na namba ndogo zinaanza kufanana: 3 na 8, 1 na 7. Mwaka wa 1996 kulitoka namna nyingine, PNG, inayobana bila kutupa kitu. Ni nzito zaidi kwa foto, lakini kwa maandishi inafaa.

Kubana kunaweza hata kubadilisha maana. Mwaka wa 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba mashine fulani za Xerox, zikisoma karatasi kwa namna nyingine ya kubana isiyo JPEG, zilibadilisha namba kwa namba nyingine. Katika plani moja ya nyumba, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vyote viliandikwa mita za mraba 14.13. Hakukuwa na vumbi wala ukungu. Namba zilionekana safi, lakini za uongo. Kampuni ilitoa marekebisho. Kwa mwenye karatasi ya kiwanja kule Rutshuru au Sake, namba za mpaka wa shamba si jambo la kuachia bahati.

Tufanye nini

Piga foto mchana, karibu, mkono ukitulia. Faili ya kwanza usiiguse: usiikate, usiandike juu yake. Ukitaka kuandika jina au namba ya telefone, fanya juu ya nakala. Tunza ya kwanza mahali pawili, kwa mfano katika karte memwari na kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na umtumie kama dokumenti. Kabla ya kufuta kitu chochote, hakikisha yeye ameifungua akaiona nzima.

Ukipokea foto ya mtu anayetafutwa na uso haueleweki, usipige kapture na kuisambaza tena. Rudi nyuma, uliza aliyekutumia ameipata kwa nani, mpaka umfikie mwenye foto ya kwanza. Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kuwa tofauti kati ya uso na kiraka. Na kama ni mtoto, peleka habari kwa Msalaba Mwekundu, ambao huduma yao ya kutafuta jamaa hailipishwi. Sura ya mtoto isizunguke kila mahali pamoja na jina lake na mahali alipo.

Ahmed na wenzake walitaka foto ipite katika njia nyembamba, na walifaulu. Bila wao tusingeweza kutumiana chochote kwa mega hizi chache. Lakini bei ya wepesi ule inalipwa kila mara foto inapofungwa upya. Wenye jamaa waliopotea watafute leo, kati ya telefone zote za familia, ni ipi yenye foto ya kwanza, na waitunze hiyo.